Kiegemeo cha patasi: namna ya kukereza mti kwenye mashine ya chuma



Katika vituo vya mafunzo ya ufundi tunavyovitembelea jimboni Tanganyika, kuna swali linalorudi mara kwa mara. Kituo kina mashine ya kukereza chuma, ile ambayo mafundi wetu wanaiita turu. Imetoka katika karakana fulani ya zamani, au ililetwa na mfadhili. Lakini vijana wengi walioandikishwa wanajifunza useremala, si ufundi wa chuma. Je, mashine hiyo inaweza kuwafaa nao?

Jibu ni ndiyo. Kinachokosekana ni kitu kimoja tu: kiegemeo, yaani chuma imara ambacho fundi analaza juu yake patasi au bobari wakati mti unazunguka. Katika toleo hili tunaeleza jinsi ya kukitengeneza kwa mabaki ya chuma, na jinsi ya kukitumia bila kuumiza mtu wala kuharibu mashine.

KWA NINI TUNALIELEZA KATIKA GAZETI LA AMANI

Tangu 2013, mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliunguza vijiji na kuwatawanya watu katika sehemu nyingi za jimbo letu. Yalizidi sana mwaka 2016 na 2017, katika maeneo ya Nyunzu, Manono na Kalemie. Kamati za Baraza zimefanya kazi kubwa ya kuwaketisha wazee pamoja. Lakini kijana haishi kwa maneno ya kikao. Akitoka kikaoni anauliza: kesho nitafanya nini?

Ndiyo maana karakana nyingi zinawapokea vijana wa pande zote mbili. Hapo ndipo mashine moja inaweza kuleta umoja au kuleta ugomvi. Kama turu inatumiwa na kundi la ufundi wa chuma peke yake, na kundi hilo kwa bahati tu limejaa vijana wa upande mmoja, wenzao watasema: tazama, hata msaada wamepewa wao. Hakuna aliyekusudia kubagua, lakini maneno yanaanza kutembea.

Kiegemeo kinafungua mashine kwa maseremala. Tena hakiwezi kutengenezwa na kundi moja. Seremala anajua urefu wa mguu wa kiti na namna mti unavyopasuka. Fundi wa chuma anajua kupima, kukata na kuchomelea. Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema wazee wetu, na katika kazi hii jambo hilo linaonekana kwa macho.

Kuna sababu nyingine, nayo ni nzito zaidi. Tumeona mahali ambapo vijana, kwa kukosa kiegemeo, wanashika patasi kwa mikono mitupu mbele ya mti unaozunguka, au wanaweka kipande cha ubao kilichofungwa kwa waya. Hiyo ni hatari kubwa. Na katika karakana ya vijana ambao jana walikuwa maadui, ajali ya mkono haibaki ajali. Kabla majeruhi hajafika hospitalini, uvumi umekwisha kufika kijijini kwamba aliumizwa makusudi.

TOFAUTI YA KUKEREZA CHUMA NA KUKEREZA MTI

Katika kukereza chuma, kisu kinafungwa kwa bolti juu ya kigari cha mashine. Fundi anazungusha gurudumu la mkono na kigari kinakipeleka kisu polepole. Mkono wa mtu haugusi kisu kabisa.

Katika kukereza mti, kisu kinashikwa kwa mikono miwili. Mkono mmoja unashika mpini mrefu, mwingine unakibana kisu juu ya kiegemeo. Fundi anakisogeza kulia na kushoto, anakiinua na kukishusha, na hivyo anapata shingo, pete na matumbo kwenye mguu wa meza. Nguvu yote ya mti unaozunguka inasukuma kisu chini, na kiegemeo ndicho kinachoipokea. Kisipokuwepo, au kikiwa kinatikisika, kisu kinang'ata mti ghafla na kumponyoka fundi.

Wengine wanajaribu kukereza mti kwa kisu cha chuma kilichofungwa kwenye kigari. Inawezekana kwa kitu kilichonyooka, lakini mara nyingi nyuzi za mti zinachanika, na umbo la mviringo wa kupendeza halipatikani kwa urahisi.

VIFAA VINAVYOHITAJIWA

- Bamba la chuma lenye unene wa milimita 12, urefu 150 na upana 100.
- Bomba zito au kipande cha chuma kilichotobolewa, chenye tundu la milimita 25.
- Chuma cha mviringo cha milimita 25, kwa ajili ya mguu wa kiegemeo.
- Chuma bapa cha milimita 30 kwa 10, chenye urefu wa milimita 250.
- Nondo laini ya milimita 10, urefu uleule wa 250. Nondo ya ujenzi yenye mikunjo haifai, kwa sababu kisu kitakwama katika kila mkunjo.
- Bolti moja ya milimita 12 na nati yake, na bolti nyingine za kufungia bamba kwenye mashine.
- Kipande kidogo cha shaba, kiasi cha ukucha wa kidole gumba.

Usipopata bomba la tundu hilo, usikate tamaa. Turu yenyewe ni mashine ya kutoboa na kulainisha chuma. Chukua kipande kizito, kitoboe hapohapo, kisha kereza mguu mpaka uingie bila kulazimishwa na bila kuchezacheza. Kwa vijana wa ufundi wa chuma hilo ni zoezi zuri, na mtihani wake ni rahisi: mguu uingie kwa mkono na usiyumbe.

KUPIMA KABLA YA KUKATA

Kila mashine ina kimo chake. Kwa hiyo msikate chuma chochote kwa kufuata vipimo vya gazeti hili peke yake. Pimeni mashine yenu.

Kwanza ondoeni kigari kidogo cha juu, kile kinachoshika kisu cha chuma. Chini yake mtaona kigari cha kati, ambacho kinakwenda mbele na nyuma. Pimeni kutoka uso wa kigari hicho cha kati mpaka ncha ya kichwa cha nyuma cha mashine. Ncha hiyo inaonyesha mstari wa katikati, yaani mahali ambapo kiini cha mti kitazunguka.

Tuchukue mfano wa mashine yenye kimo cha milimita 120. Toeni unene wa bamba, 12. Toeni kimo cha kichwa cha kiegemeo, yaani chuma bapa 30 pamoja na nondo 10, jumla 40. Toeni tena 18, ambayo ni nafasi ya kupandisha na kushusha. Inabaki 50. Hicho ndicho kimo cha bomba. Mguu unaoingia ndani yake uwe na urefu wa 48, ili usigonge bamba kabla kichwa hakijakaa.

Mkipata chini ya 45 kwa bomba, mashine yenu ni fupi kwa mtindo huu, kwa kuwa mguu ukipandishwa utabaki umeshikwa padogo mno. Hapo ni afadhali kuchomelea kichwa kwenye chuma cha mraba na kukifunga mahali pa kisu cha kawaida. Hicho kinafaa kwa kazi ndogo kama mipini ya tupa na patasi, si kwa miguu ya kitanda.

HATUA ZA KUTENGENEZA

1. Toboeni bamba kwa keekee kufuata matundu au mifereji iliyopo tayari kwenye kigari cha kati. Tunakazia: matundu yafanywe kwenye bamba, kamwe yasifanywe kwenye mashine. Mashine ni ya kituo chote, na kesho lazima irudi kwenye kazi ya chuma kama ilivyokuwa.

2. Simamisheni bomba juu ya bamba, upande ulio karibu na fundi. Hakikisheni kwa pembemraba kwamba limesimama wima. Chomeleeni kidogo mahali pane kwanza, pimeni tena, ndipo mzungushe mchomeleo wote. Bomba likichomelewa upande mmoja kwa mara moja, moto unalivuta na linalala.

3. Toboeni tundu la milimita 13 ubavuni mwa bomba. Wekeni nati juu ya tundu hilo huku bolti ikiwa ndani yake ili isihame, kisha chomeleeni nati. Kwenye kichwa cha bolti chomeleeni kipande cha nondo kiwe mkono wa kukazia, ili fundi asitafute spana kila mara.

4. Kateni mguu. Kwa mfano wetu ni milimita 63: yaani 48 za kuingia bombani na 15 za kushika kichwa. Kwa msumeno wa chuma, pasueni katikati ya ncha yake ya juu mfereji wenye upana wa 10 na kina cha 15.

5. Simamisheni chuma bapa kwenye mfereji huo, katikati yake ikae sawa juu ya mguu, kisha chomeleeni pande zote mbili. Kichwa kilichoingia ndani ya mguu ni imara kuliko kile kilichobandikwa juu tu.

6. Chomeleeni nondo laini juu ya ukingo wa chuma bapa. Michomeleo iwe mifupi, upande wa nyuma, mkiruka kutoka ncha moja kwenda nyingine ili nondo isipinde. Upande wa mbele na wa juu uachwe safi.

7. Lainisheni nondo kwa tupa, halafu kwa msasa, mpaka ukipitisha kidole usihisi kovu lolote. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kovu moja juu ya nondo linaandikwa kwenye kila mguu wa kiti utakaokerezwa.

8. Ingizeni mguu bombani. Kati ya bolti na mguu wekeni kile kipande cha shaba. Shaba ni laini kuliko chuma, kwa hiyo bolti itabana bila kuuchimba mguu.

9. Fungeni yote kwenye mashine na mjaribu mashine ikiwa imezimwa. Kijana mmoja akandamize ncha za kichwa kwa nguvu zake zote. Kikishuka au kikizunguka, msikitumie mpaka sababu ijulikane.

KUFUNGA MTI

Chongeni mti kwanza kwa shoka au randa, pembe nane ni bora kuliko nne. Msitumie mti wenye ufa, wenye fundo lililolegea au wenye msumari ndani. Mabaki ya mninga na ya mkalitusi yanafaa, mradi yamekauka.

Ncha moja ishikwe na meno ya mandreni, nyingine isukumwe na ncha ya kichwa cha nyuma. Kama ncha hiyo haizunguki yenyewe, tieni grisi au sabuni kidogo ili mti usiungue. Pakeni rangi nyeupe kwenye kingo za meno ya mandreni. Yakizunguka yanatoweka machoni, na rangi inaonyesha mpaka ambao mkono haupaswi kuuvuka.

Sogezeni kiegemeo kwa gurudumu la kigari cha kati mpaka kibaki kiasi cha milimita 5 kutoka kwenye mti. Mgongo wake uwe chini kidogo ya mstari wa katikati, kadiri ya unene wa kisu. Halafu kazeni kigari kisihame. Zungusheni mti kwa mkono mzunguko mzima, muone kwamba haugusi popote.

Sasa jambo ambalo maseremala hawalijui, na ambalo mwalimu wa chuma lazima awaonyeshe: turu ina mkono wa mwendo wa kujiendesha, unaopeleka kigari chote upande wa mandreni. Mkono huo lazima ufunguliwe kabla ya kuwasha. La sivyo kiegemeo kitatembea chenyewe na kugonga mandreni inayozunguka.

MWENDO NA VISU

Mti wa milimita 80 ambao bado una pembe uanze polepole, karibu mizunguko 500 kwa dakika. Ukishakuwa mviringo na kuacha kutikisika, mnaweza kupandisha mpaka 1000. Mti mnene zaidi unataka mwendo mdogo zaidi.

Visu vinaweza kufuliwa kutoka jani la springi ya gari. Chuma hicho kinapokea ugumu na bado kinavumilia kugongwa. Kipasheni moto mpaka kiwe chekundu, kipeni umbo, kichovyeni katika mafuta, kisha kipasheni tena polepole mpaka uso wake uliosuguliwa ugeuke rangi ya majani makavu. Msitumie tupa kuukuu bila kuipunguzia ugumu. Wengi wanaipenda kwa sababu haina kazi tena, lakini ni ngumu na dhaifu kama chupa, na inaweza kukatika karibu na uso wa fundi. Mpini wa kisu uwe mrefu, sentimita 30 mpaka 40, kwa sababu urefu wake ndio unaompa fundi nguvu ya kushinda mti.

Kanuni ya kwanza ya kukereza ni hii: kisu kiguse kiegemeo kwanza, ndipo kiguse mti. Anayeanza na mti atakiona kisu kinashushwa kwa kishindo.

SHERIA ZA USALAMA

- Hakuna glavu, mikono mirefu iliyo wazi, mkufu wala kitenge kinachoning'inia. Nywele ndefu zifungwe.
- Miwani ya kinga ivaliwe na anayekereza na anayetazama. Anayetazama asisimame mbele ya mti.
- Mti ukipungua, nafasi ya kiegemeo inakua. Zimeni mashine, subirini isimame kabisa, ndipo msogeze kiegemeo.
- Wakati wa kupiga msasa, ondoeni kiegemeo. Kidole kinaweza kubanwa kati yake na mti.
- Umeme ukikatika, na sisi tunaotegemea umeme wa Bendera tunalijua hilo, mtu wa kwanza kukumbuka azime swichi. Umeme ukirudi wakati mtu ameegemea mashine, mandreni haitamwuliza.

KUTUNZA MASHINE YA PAMOJA

Vumbi la mti ni adui wa mashine ya chuma. Linafyonza mafuta, linashika unyevu, na asubuhi reli zimeota kutu. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa: kundi la chuma linawalaumu maseremala, na lawama ya vumbi inageuka haraka kuwa lawama ya kabila. Kwa hiyo, kabla ya kukereza, funikeni reli kwa bati jembamba au ubao, si kwa kitambaa kinachoweza kuvutwa na mandreni. Baada ya kazi fagieni kwa brashi, pangusa, na mpake mafuta mapya.

Katika karakana ambako mpango huu unakwenda vizuri, tumeona mambo manne yakifuatwa:

Kwanza, ratiba ya siku za mti na siku za chuma imebandikwa ukutani, mahali ambapo kila mtu anaisoma.

Pili, kigari kidogo kilichoondolewa kinafungwa ndani ya kitambaa chenye mafuta na kuwekwa katika sanduku pamoja na bolti zake. Anayekiondoa na anayekirudisha wote wanatia sahihi daftarini.

Tatu, kila zamu ina watu wawili, mmoja wa chuma na mmoja wa mti, na kamati inaangalia wasiwe siku zote wa upande mmoja.

Nne, ajali yoyote, hata ya mkwaruzo, inaandikwa siku ileile mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na familia inapewa habari na watu wawili waliotumwa pamoja. Uvumi unaota mahali penye kimya.

Kuhusu soko, mipini ya majembe na ya patasi, miguu ya viti na vitanda, michi ya vinu na vijiti vya kusukumia chapati ni vitu ambavyo watu wetu wananunua kila mwaka. Vingi vinatoka katika vipande ambavyo seremala angevitia motoni. Tunashauri kila kituo kianze na mipini ya vifaa vyake chenyewe. Kazi ni fupi, kosa si la gharama, na mwisho wa juma kila kijana anashika kisu chenye mpini aliomkerezea mwenzake.

Kamati au kituo kitakachotengeneza kiegemeo hiki kinaweza kutuonyesha wakati wa ziara yetu ijayo. Njooni na mchoro wenye vipimo vya mashine yenu, na vijana wawili walioutengeneza, ili kituo kingine kisianze upya.